Naomba ushauri: mdogo wangu hatulii tangu atoke bwenini

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kidato cha pili alionewa sana na wakubwa zake bwenini. Tumeshamhamisha, sasa anasoma kutwa, lakini bado yuko macho muda wote. Mlango ukibamizwa anaruka. Kwenye daladala anataka siti ya nyuma kabisa, aone kila anayepanda. Mzee anasema ni deko. Mimi sikubali.

Nimesomasoma kidogo: ndani ya ubongo amigdala ndiyo king'ora cha hatari, na sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo hukituliza. Mtu akinyanyaswa mfululizo king'ora kinakuwa chepesi kulia, na ile sehemu ya kukituliza inazidiwa. Hata panya wa maabara wakipigwa na panya mbabe kila siku kwa siku 10, wengi huanza kumkwepa hata panya mgeni asiye na shari. Wengine wala hawatetereki, hilo ndilo linanipa moyo.

Sasa wenye uzoefu, nianze na mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili? Na nyumbani tumhimize atoke akacheze na wenzake, au tumwache kwanza? Usiku wa manane namkuta anakagua komeo la mlango. Wenye kejeli mnipitie mbali.