Pakiti ndogo kila milisekunde 10 kwenye Wi-Fi: nitapangaje zamu ili ucheleweshaji usizidi 5 ms?

mzunguko10:
Wakuu, kuna vidhibiti 12 vya mashine, kila kimoja kinatuma baiti 120 kila milisekunde 10 kwenda kwenye seva. Vyote vinapitia AP (kituo kinachorusha Wi-Fi) moja ya Wi-Fi 6, bendi ya 5 GHz, chaneli ya 40 MHz. Wastani wa ucheleweshaji ni 2 ms, ila mara kwa mara zinatokea pakiti za 15 hadi 40 ms. Trafiki ya vidhibiti nimeiweka daraja la sauti (kipaumbele cha juu kabisa cha Wi-Fi). AP hiyo hiyo inahudumia kompyuta zinazopakua mafaili makubwa. Mawimbi yako vizuri, -55 dBm. Nianzie wapi?

foleni_fupi:
Mkuu, daraja la sauti linakupa haki ya kuwahi tu, halikutengei muda hewani. Kwa vifaa 12 linaweza hata kukuumiza: kila kifaa huchagua namba ya kusubiri kati ya 0 na 3, na kikigongana na mwenzake upeo unapanda hadi 7, basi. Vifaa 12 vikiwa na pakiti kwa wakati mmoja vinagombania nafasi nne, kwa hiyo migongano haikwepeki. Kama programu zote zinaanza mzunguko kwa pamoja, zipishanishe kwa 0.8 ms kila moja. Hatua hiyo peke yake inapunguza migongano mingi.

Pili, angalia muda ambao kompyuta zinashika hewa. Kikomo cha TXOP (muda wa kushika hewa kwa zamu moja) cha daraja la kawaida kikiwa 0, wengi hudhani maana yake ni muda mfupi. Sivyo. Maana yake ni fremu moja kwa zamu, na fremu moja iliyounganishwa inaweza kufika 5.484 ms. Bajeti yako yote imeliwa kabla hujaanza kugombea! Kwenye hostapd (programu inayoendesha AP kwenye Linux) weka `wmm_ac_be_txop_limit=47`; kipimo chake ni mikrosekunde 32, kwa hiyo ni kama 1.5 ms. Hiyo inabana kompyuta zinapotuma. Upakuaji unatoka kwa AP yenyewe, nao unabanwa kwa `tx_queue_data2_burst=1.5`.

Pia zima usingizi wa redio kwenye vidhibiti (`iw dev wlan0 set power_save off`) na uzuie utafutaji wa mitandao mingine wakati wa kazi. Redio ikihama chaneli kwenda kutafuta, pakiti zinakaa foleni makumi ya milisekunde. Hizo 40 zako naziona zikitokea huku.

zamu_hewani:
Nakubaliana, lakini kwa mzunguko usiobadilika dawa ni vifaa viache kugombea kabisa, AP iviite. Chaneli ya 40 MHz inagawanyika vipande 18 vya toni 26 (toni ni wimbi dogo ndani ya chaneli), hivyo vifaa vyote 12 vinajibu fremu moja ya triga (wito wa AP) kwa pamoja. Kipande kimoja kwa MCS 4 (ngazi ya kasi ya utumaji) kinabeba takriban 5 Mb/s. Baiti 120 pamoja na vichwa vyake, tuseme 200, zinachukua kama 0.33 ms. Ukijumlisha triga na uthibitisho, wito mzima ni karibu 1 ms.

Hapa watu hukosea kwenye MU EDCA (kanuni za kugombea kwa vifaa vinavyoitwa na AP). Ukiweka AIFSN yake (namba ya kusubiri kabla ya kugombea) kuwa 0, kifaa kilichoitwa hakigombei tena hadi saa yake iishe. Saa hiyo huhesabiwa kwa vipande vya 8.192 ms. Ukiweka 1, inaisha kabla ya mzunguko wako wa 10 ms, na vifaa vinarudi kugombea karibu 1.8 ms kabla ya kuitwa. Weka 2. Hasara yake ni kwamba AP ikikosa kuita, kifaa kinakaa kimya hadi 16.384 ms, kwa hiyo hakikisha kwanza AP yako inaita kwa ratiba kweli.

mzunguko10:
Asanteni sana. Je, nikihamia Wi-Fi 7 yenye TWT (ratiba ya muda wa kuamka) yenye mipaka, ile inayotenga vipindi, si itamaliza yote?

zamu_hewani:
Inasaidia sana, kwa vifaa vinavyoitii. Kifaa kinachoiunga mkono lazima kimalize TXOP yake kabla kipindi hakijaanza. Kompyuta za zamani hazielewi tangazo hilo, na mtandao wa jirani haufuati ratiba yako. Ningeziondoa kompyuta kwenye chaneli hiyo kabla ya kununua chochote.

Halafu kuna saa. Ukiomba kipindi kila TU 10 (TU ni kipimo cha muda cha Wi-Fi, 1.024 ms) ukidhani ni 10 ms, umepata 10.24 ms. Pakiti zinateleza 0.24 ms kila mzunguko, na baada ya mizunguko 42 hivi zimezunguka ratiba nzima. Katikati hapo zinasubiri karibu 10 ms. Taja 10000 kwa mikrosekunde, na mzunguko wa programu uufunge kwenye saa ya TSF (saa ya pamoja ya mtandao) ya AP, kwani saa ya kifaa nayo huhama polepole.

foleni_fupi:
Na kabla ya yote, nasa fremu hewani kwa redio ya tatu uangalie TID (namba ya kipaumbele ndani ya fremu). Ikiwa programu inatia DSCP (alama ya kipaumbele kwenye kichwa cha IP) 46, mifumo mingi husoma biti tatu za juu tu, inapata 5, na pakiti inaangukia daraja la video. Sauti ni 6 au 7. Kwenye faili hilo hilo hesabu fremu zenye alama ya kurudiwa: zikiwa nyingi, shughulikia migongano, zikiwa chache na ucheleweshaji bado upo, tafuta nani ameshika hewa au redio gani imelala.