Mama ana kalsiamu juu ila ultrasaundi haijaona kitu, tufanyeje?

binti_wa_pili: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Mama ana miaka 61, mawe ya figo yamemsumbua mara mbili, mifupa inamuuma, juzi ndo wamepima damu wakakuta kalsiamu iko juu na homoni ya PTH, ile inayopandisha kalsiamu kwenye damu, nayo juu, wakasema ni zile tezi ndogo zinazoitoa, paratiroidi, ziko nyuma ya dundumio (tezi ya thairoidi ya shingoni). Ultrasaundi haikuona kitu. Sasa mjomba anasema kama haionekani basi hana ugonjwa, na mama keshaanza kumsikiliza, mi silali.

chumba_cha_picha: Pole sana dada. Mwambie mjomba kwa heshima kwamba ugonjwa huu unajulikana kwa damu, picha ni ya kumwonesha daktari aanzie kupasua wapi, basi. Tezi zenyewe kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, na ultrasaundi haipiti kwenye mfupa wala hewa, kwa hiyo ikijificha nyuma ya koromeo au ikashukia kifuani huioni hata uwe mzoefu vipi. Ulizia skani ya sestamibi. Anachomwa dawa yenye mionzi kidogo, anapigwa picha mapema halafu tena baada ya kama masaa mawili, dundumio linakuwa limeshaiachia ila tezi mbovu bado imeing'ang'ania. Ikiunganishwa na CT, yaani eksirei ya kompyuta, ni bora zaidi, inaonesha na kina. Ila kama ana vinundu kwenye dundumio waambie kabisa, navyo vinang'ang'ania dawa vinadanganya.

kovu_shingoni: Mi sestamibi nayo ilitoka tupu nikalia sana. Nikapigwa CT ya 4D, wanapiga kabla ya dawa ya mshipani na baada yake, wanaangalia inavyoingia na kutoka, ndo ikaonekana nyuma ya umio. Hiyo dawa ina ayodini, wakague figo za mama kwanza. Siku ya oparesheni walinipima PTH mulemule ndani, dakika 10 baada ya kuitoa ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu wakajua wameipata.

chumba_cha_picha: Na hata picha zote zikitoka tupu, daktari mzoefu wa tezi anaweza kufungua pande zote mbili za shingo akaziangalia tezi zote nne. Msikate tamaa.

binti_wa_pili: Asanteni mno, nimemsomea mama yote haya. Amekubali, Jumatatu tunaenda kuulizia sestamibi na kupima figo.