Mrejesho: Foleni ya mama ya kubadilishiwa nyonga

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Mwezi wa tatu niliwauliza nifanyeje kwa ajili ya mama yangu, ninayeishi naye hapa England, ambaye alikuwa amengoja miezi 11 kubadilishiwa nyonga kwa gharama ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku.

Niliufuata kwanza ushauri wa yule aliyenikumbusha kwamba mgonjwa aliyevuka wiki 18 tangu apewe rufaa ana haki ya kuomba ahamishiwe hospitali yenye foleni fupi. Hospitali binafsi yenye mkataba na NHS ilimkataa kwa sababu ya moyo wake, kwani nyingi za aina hiyo hazina chumba cha wagonjwa mahututi, na laiti ningelijua hilo tusingepoteza wiki sita. Ya pili, ya umma, iliyo mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, ilimpokea, na akafanyiwa upasuaji baada ya wiki tisa.

Kujiandikisha kwa nafasi zinazoachwa ghafla na wengine hakukutufaa: simu ilikuja mara moja tu, jioni, mama akiwa na mafua. Kushusha sukari kabla ya vipimo vya maandalizi kulisaidia kweli, maana tarehe haikuahirishwa.

Jana amepanda ngazi zote 13 za nyumbani kwa mkongojo mmoja, huku akinifokea nisimshike. Asanteni sana, hasa dada muuguzi aliyesisitiza niandike barua badala ya kupiga simu.