Kadi ya picha GTX 1050 Ti imeanza kunichosha, ninunue RX 580 au nitulie kwanza? (niko Kigoma)

dogo_wa_mwanga
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo kabla sijatuma hela. Nina desktopu Dell OptiPlex 9020 ile ya mnara, i5 4570, RAM 8GB, ndani nimeweka GTX 1050 Ti ya 4GB. GTA V inaenda freshi tu ila EA FC 24 inanitesa, kona ikipigwa wachezaji wakajaa kwenye boksi gemu inakwama kidogo afu inaruka, unakuta mpira ushaingia na hujui nani kafunga. Sasa kuna muuzaji yuko Kariakoo ana RX 580 ya 8GB iliyotumika, anataka laki mbili na nusu, anasema nikilipa leo ananiwekea kwenye basi la Kigoma. Nijilipue au nisubiri nijichange nipate kubwa zaidi?

fundi_isevya
Usitume hata mia. Hiyo 9020 ya mnara paua saplai yake (kile kisanduku cha kugawa umeme ndani) ni wati 290 na haina waya wa pini 6 wala 8 wa kulisha kadi. 1050 Ti yako inaishi humo kwa sababu ni ya wati 75, inanyonya umeme wote kwenye sloti. RX 580 inataka kama wati 185 na pini 8 juu yake, utaichomeka kwa wapi? Na usiseme utanunua paua saplai ya kawaida dukani uchomeke, mazabodi (bodi kuu) ya Dell hizi inapokea pini 8 sio 24 kama zingine, mpaka utafute adapta ya waya, na huku kwetu Tabora hiyo adapta kuipata ni kuagiza, sidhani kama hapo Kigoma kuna tofauti. Kwa hiyo laki mbili na nusu sio bei ya kadi peke yake mkuu, piga hesabu yote.

mchimba_chipu
Naongezea hapo. RX 580 nyingi zinazozunguka zilikuwa zinachimba Ethereum (sarafu ya mtandaoni), 2022 mwezi wa 9 Ethereum wakaachana na uchimbaji kadi zikamwagwa sokoni. Kuchimba sio lazima iwe imekufa lakini feni na pesti (ile ya kupitisha joto la chipu) zinakuwa hoi. Kingine kuna RX 580 wanaita 2048SP, jina 580 ila chipu yenyewe ni sawa na RX 570. Mwambie muuzaji akurekodie video GPU-Z (programu ya kusoma taarifa za kadi) ikiwa wazi na gemu inacheza, kwenye sheda (vitengo vya hesabu ndani ya chipu) isome 2304, ikisoma 2048 bei ishuke. Akianza kuzunguka achana naye.

ujiji_gemaz
Mi napingana nanyi kidogo, kadi ni mali unahama nayo, leo Dell kesho mashine nyingine. Halafu Nvidia wenye GTX washafunga draiva za gemu kwa hizi GTX 10 tangu Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu. Anunue.

mchimba_chipu
@ujiji_gemaz sasa si AMD wenye RX nao wameiweka pembeni 580? Anakimbia mzee anamfuata mzee mwenzake 😂

bibi_wa_fremu
Jamani mbona hakuna aliyeuliza kama shida ni kadi kweli? Dogo weka programu ya MSI Afterburner, washa ionyeshe kwenye skrini GPU (chipu ya kadi) na kila kor (kiini) ya prosesa zinafanya kazi asilimia ngapi, cheza mechi moja uangalie pale pale kwenye kona. GPU ikiwa 97 kwenda juu basi kadi ndo imechoka. GPU ikiwa 60 na kor zimegonga 100, hata uweke kadi ya milioni itakwama vilevile. EA wenyewe kwenye FC 24 wanaanzia i5 6600K na 1050 Ti, maana yake kadi yako imo, prosesa ndo iko chini ya mstari. Na hiyo RAM ni kipande kimoja au viwili?

dogo_wa_mwanga
Nimerudi, umeme ulikatika nikashindwa kujibu mapema. Dada umenipata, kwenye kona GPU inacheza 55 mpaka 65 afu kor zote nne ziko 100. Nikashusha rezolusheni mpaka 720 fremu hazijapanda hata kidogo. RAM ni kipande kimoja cha 8.

bibi_wa_fremu
Basi kadi iache. Ongeza kipande kingine cha 8GB DDR3 vipande viwili vifanye kazi pamoja, afu tafuta i7 4770 au 4790, soketi ni ile ile na ni wati 84 kama i5 yako, kwa hiyo hiyo paua saplai haitalalamika. Ila sasisha BIOS (programu ya mazabodi inayowasha mashine) kwanza kabla hujabadilisha prosesa.

fundi_isevya
Na i7 hizo usiagize mpya, ulizia wanaouza kompyuta za ofisi za mtumba, mashine ikifa mazabodi wanakung'olea prosesa kwa bei ya kuongea. Uje na pesti yako lakini, wengine wanarudishia ile ile iliyokauka.

dogo_wa_mwanga
Poa wakuu, muuzaji nishamwambia asiweke kitu kwenye basi, kaniblok hapo hapo 😅 Mwenye DDR3 ya 8GB hapa Kigoma mjini anicheki inbox, iwe ya desktopu sio ya laptopu.