Rasimu ya sheria ndogo ya ushuru wa parachichi: maoni kwa barua pepe yana nguvu?

Mlimaji_Busokelo
Wakuu, habari za huko. Halmashauri moja huku Nyanda za Juu Kusini imeweka kwenye tovuti rasimu ya sheria ndogo ya ushuru wa mazao, na tangazo linatoa siku 14 za kupeleka maoni. Kifungu cha 5 kinatoza shilingi 100 kwa kila kilo ya parachichi, na kinamtaja mkulima kuwa ndiye mlipaji. Kikundi cha wakulima kinataka kujibu. Barua pepe inatosha au lazima karatasi? Na maoni yaandikwe vipi yasiishie kwenye droo?

Forest_Mpya
Mkuu, kwanza pakueni rasimu na tangazo leo hii, mpige na picha ya skrini yenye tarehe. Faili likibadilishwa katikati ya muda, mtakuwa na ushahidi wa mlichokisoma.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaitaka halmashauri itangaze kusudio la kutunga sheria ndogo na ipokee pingamizi kwa maandishi. Tangazo likitaja barua pepe, itumieni, ila msiishie hapo. Chapeni barua, isainiwe, ifikishwe masjala (ofisi ya kupokea barua) ya halmashauri nakala mbili: moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo mtabishana na hewa.

Barua pepe hukwama kwa mambo madogo: sanduku limejaa, picha za simu ni nzito, kichwa cha habari hakieleweki. Tumeni PDF moja nyepesi, na kichwa kiwe jina kamili la rasimu kama lilivyo kwenye tangazo. Ujumbe wa kundi la WhatsApp la kata hauingii kwenye jalada, hata kama diwani kausoma. Mfumo wa e-Mrejesho nao ni wa malalamiko, ushauri na pongezi; usiwe mbadala wa pingamizi.

Uyole_Mazao
Niongeze ya ndani ya barua, maana wengi wanaangukia hapo. "Tunapinga, wakulima tunaumia" ni kweli tupu, lakini haimpi Afisa Sheria kitu cha kurekebisha. Kila hoja ibebe namba ya kifungu, kasoro yake, na maneno mapya mnayotaka yaandikwe.

Na hapa mna hoja nzito. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inamtaja mnunuzi kuwa mlipaji wa ushuru wa mazao, na ushuru ni asilimia ya bei ya shambani. Mwaka 2017 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Someni toleo la sasa kabla ya kunukuu. Wekeni hesabu kwenye barua. Tuseme bei ya shambani ni shilingi 1,500 kwa kilo: asilimia 3 ni shilingi 45. Rasimu inataka 100. Bei ikianguka hadi 800, asilimia 3 inakuwa 24, na rasimu bado inataka 100. Kwa hiyo tozo ya kilo inabana zaidi msimu ule ule ambao soko limeshawabana.

Sheria ndogo ikipingana na sheria mama, yaani ile ya Bunge, ni batili kwa kiasi inachopingana. Pendekezeni: "Mnunuzi atalipa ushuru kwa kiwango kilichowekwa na Sura ya 290."

Someni pia sehemu ya tafsiri. "Mnunuzi" akielezwa kuwa ni pamoja na msafirishaji, mkulima anayepeleka kreti zake sokoni atakamatwa getini. Majedwali ya mwisho msiyaruke, viwango na faini hukaa huko.

Mlimaji_Busokelo
Asanteni sana. Muhtasari wa kikao kilichopanga viwango unapatikana? Na baraza likipitisha hivyo hivyo?

Kihesa_Juu
Kamwene. Muhtasari ombeni kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Angalieni mtego: anayeombwa ana hadi siku 30 za kujibu, nanyi mna 14. Ombi liende leo, barua ya maoni isilisubiri.

Baraza la Madiwani si kituo cha mwisho. Rasimu inahitaji idhini ya Waziri wa TAMISEMI, anayesimamia serikali za mitaa, kisha itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, ambalo hutoka Ijumaa. Nakala ya barua yenye muhuri ifike kwa Katibu Tawala wa Mkoa na TAMISEMI mapema: kabla ya saini ya Waziri kurekebisha ni kufuta mstari, baada ya saini ni kuanza safari upya. Ikishatangazwa, ipo Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo. Iandikieni kupitia Katibu wa Bunge, mkiweka kifungu cha sheria ndogo na cha sheria mama sambamba.

 

Forest_Mpya
Nyongeza: orodha ya wanakikundi iwe na jina, kijiji na saini tu. Namba za NIDA na za simu zisiwekwe, jalada hupita mikononi mwa wengi. Wekeni namba moja ya katibu wa kikundi, ili wakiitwa kufafanua wapatikane.