Tupeane uzoefu: kikundi cha vijana wenye ulemavu na cha wazazi wao, vikae pamoja au kila kimoja na kikao chake?

Mleta mada (Kizota, Dodoma)

Ndugu zangu, salaam. Ninamlea kijana wa miaka 19 mwenye utindio wa ubongo. Kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la kliniki ya mazoezi ya viungo, ambako akina mama tulikuwa tukielekezana namna ya kumlisha mtoto akiwa ameketi wima ili asipaliwe, na namna ya kumtengenezea kiti kwa mbao na magodoro chakavu. Watoto wale sasa wana ndevu, lakini vikao havijabadilika: mzazi ndiye anayeulizwa hali, mzazi ndiye anayejibu, na mhusika ameketi papo hapo akisikiliza habari zake zikijadiliwa. Waliokwisha kutenganisha vikao, naomba mtueleze yaliyowakuta.

Mchangiaji wa Nkuhungu

Nilizaliwa na mgongo wazi na ninatumia kiti mwendo. Wenye hali hii wengi wetu hatuwezi kumaliza mkojo wenyewe, na mkojo ukibaki kwenye kibofu unaleta maambukizi na mwishowe kuharibu figo, kwa hiyo tunautoa kwa mpira mwembamba kila baada ya saa chache. Muuguzi alimfundisha mama, naye akanifanyia kazi hiyo mpaka nikamaliza darasa la saba. Mama akiitwa msibani Mpwapwa, nami ilinibidi nifunge safari, hata kama kesho yake kulikuwa na mtihani.

Katika kikundi chetu vijana walipoanza kukaa chumba cha pili, kaka mmoja mwenye hali kama yangu alitoa mpira wake mfukoni bila haya yoyote. Alinionyesha anavyonawa mikono kwanza, anavyouosha mpira na kuukausha, mahali anapouhifadhi akiwa darasani, na maneno anayomwambia mwalimu anapoomba ruhusa ya kutoka. Nilikuwa nimeyasikia mengi ya hayo hospitalini, lakini yalikuwa yakielekezwa kwa mama. Siku hiyo pia ndipo nilipouliza kama mtu kama mimi anaweza kuoa na kupata watoto, swali ambalo nisingelitamka mbele ya akina mama hata kwa kushikiwa fimbo. Kwa maoni yangu, chumba cha pili ndicho kikundi chenyewe.

Mama wa Chamwino

Ninaafiki, ila kwa masharti. Binti yangu ana ulemavu wa akili, na akitendewa jambo baya hana uwezo wa kulisimulia. Kwetu tulikubaliana kwamba chumba cha vijana kiwe na wasimamizi wawili, mmoja wao mwanamke, na mlango ubaki wazi. Asiyeridhika na hilo asipewe usimamizi.

Kuna upande ambao mchangiaji aliyetangulia hakuugusa. Wazazi nasi tunahitaji mahali ambapo watoto hawatusikii. Mwenzetu mmoja alitueleza kwamba wakweze wanasema katika ukoo wao "hakuna vitu hivyo", na kwamba mumewe ameacha kutuma matumizi. Alipokuwa akiyasema hayo, mwanawe wa miaka 15 alikuwa pembeni yake, na anaelewa kila neno. Hilo liliniuma kuliko maneno ya wakwe.

Mchangiaji wa Bahi

Mimi nina ualbino. Pamoja au mbalimbali, kwanza tazameni saa na mahali. Sisi tulikuwa tukikutana mchana chini ya mbuyu, nao kiangazi hauna majani, kwa hiyo kofia na mafuta ya jua vilikuwa vikifanya kazi iliyompasa aliyepanga kikao. Tulihamia ndani, jioni.

Dada wa Kongwa

Mimi ni kiziwi. Kikao cha pamoja kwangu maana yake ni mama kunitafsiria, na mama hufupisha: watu wanazungumza kwa kirefu, ninapewa ishara tatu. Wakicheka nikauliza sababu, naambiwa nitaelezwa baadaye, na hiyo baadaye haifiki. Kuwatenga wazazi peke yake hakukunisaidia, kwa sababu vijana wenzangu nao hawakujua Lugha ya Alama. Kilichosaidia ni mkalimani asiye ndugu yangu, pamoja na vijana watatu waliokubali kujifunza.

Mweka hazina, Dodoma mjini

Msisahau fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Katika kikundi nilichokuwamo awali, majina kwenye fomu yalikuwa ya vijana, lakini kuku walifugwa uani kwa mzazi mmoja, na vijana waliitwa siku ya kutia saini tu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao miongoni mwa misingi yake ni uhuru wa mtu kujiamulia mambo yake. Daftari la hisa likikaa kwa wazazi, msingi huo unabaki kwenye karatasi, hata kama vyumba ni viwili.

Mleta mada

Nashukuru. Swali kwa ndugu wa Nkuhungu: mwanangu anaelewa vizuri, lakini sentensi moja humchukua muda mrefu kuitamka. Kwenu watu wa namna hiyo walisubiriwa na nani?

Mchangiaji wa Nkuhungu

Mwanzoni hakuna aliyewasubiri. Baadaye mwenyekiti wetu alipiga marufuku mtu kummalizia mwenzake sentensi. Vikao vilirefuka mno na baadhi walinung'unika, kwa hiyo tukapunguza ajenda zikawa mbili kwa kila kikao. Mlete.