Tupeane uzoefu: gemu yako umeifungia FPS ngapi, na ulifikaje hapo?

Mkaazi58 (Nakuru)
Wadau habari za jioni. Naanzisha hii juu jana nilibishana na mtoto wa shangazi hadi chai ikapoa mezani. Yeye anaamini FPS, yaani fremu (picha) ambazo gemu inachora kwa sekunde moja, ni kama mshahara, ikiongezeka usiulize maswali. Mimi niko na laptopu ya mtumba, EliteBook 840 G3, kadi ya grafiksi hakuna, ni ile Intel HD 520 ya ndani ya prosesa, na gemu yangu ni moja tu, Euro Truck Simulator 2, nikitoka kazi naendesha lori Ujerumani mpaka nisinzie. Miezi mingi niliiacha bila limiti. Namba ya FPS pale kwa kona ya skrini inaruka 52, 31, 47, ukiingia mjini 24, na mimi nikiona 52 nafurahi kama nimeokota pesa. Lakini lori lilikuwa linaenda kama matatu imeisha klachi, linashtukashtuka, kukata kona ni kubahatisha.

Siku moja nikafungia 30 na RivaTuner, programu ya kuwekea fremu limiti. Namba ikashuka, lori likatulia. Nikakaa hapo nikijiuliza nilikuwa nafurahia nini hiyo miezi yote.

Vile nimekuja kuelewa ni hivi, skrini yangu ni 60Hz, inachora mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7 hivi. Ukiipa fremu 30 kila picha inakaa zamu mbili kamili, hakuna kugombana. Ukiipa 40, picha moja inakaa zamu moja, ingine zamu mbili, na jicho linashika huo mchechemeo hata kama namba ni kubwa. Mtoto wa shangazi nilimkalisha chini, nikafunika kona ya skrini na kipande cha gazeti, akaendesha 40 kisha 30. Akachagua 30 akidhani ni 60. Mpaka saa hii hajakubali, anasema gazeti lilimchanganya.

Haya, leteni zenu. Mashine gani, umefungia ngapi, na nini ilikufanya. Msiniletee namba za YouTube.

JaManyatta (Kisumu)
Omera nyinyi wa Nakuru mna baridi ndio maana mnaongea habari ya macho. Huku tunaongea joto. Chumba changu ni mabati bila dari, saa nane mchana ukiweka laptopu mezani inaanza kulia kabla hujafungua chochote. Niko na kadi ya GTX 1050, gemu ya mpira naanza na FPS 90, dakika ishirini zikiisha iko 35 na feni inanguruma kama posho mili. Nikasema hii ni virusi. Nikapeleka kwa fundi mmoja akapiga Windows upya, elfu moja mia tano ikaenda, nikarudi nyumbani, dakika ishirini, 35. Kumbe hakuna virusi, chipu ikipata joto sana inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue, na mimi ndio nilikuwa naichoma.

Kilichonifungua macho ni menyu. Nilikuwa nachagua timu tu, hakuna mtu anakimbia, hakuna uwanja, nikaangalia kona nikaona mia nne na kitu. Mia nne! Kuonyesha orodha ya majina! Nikaenda kwa setingi za Nvidia, kuna mahali pa kuweka kiwango cha juu cha fremu, nikaweka 60 kwa gemu zote. Nikafungua chini nikatoa vumbi la kutosha kupanda sukuma, nikainua nyuma na vifuniko viwili vya soda. Sasa usiku nacheza 60 bila shida. Mchana naweka 45, najua hesabu ya Nakuru inasema 45 haigawanyiki vizuri, lakini afadhali kuchechemea kuliko kuzima dakika ya 88 ukiongoza.

KijanaWaMaseno
Hiyo ya menyu si wewe pekee. StarCraft II ikitoka 2010 watu walilalamika kadi zinapata joto kwa menyu, juu skrini iko rahisi kuchora basi kadi inakimbia bila breki. Blizzard wakasema uongeze laini mbili kwa faili ya variables.txt, frameratecap=60 ya kucheza na frameratecapglue=30 ya menyu. Kwa hivyo mimi gemu yoyote mpya kitu cha kwanza ni limiti, mambo ya vivuli na nyasi baadaye.

Mzee_Webuye
Vijana mnajitesa bure. Jicho la binadamu halioni zaidi ya fremu 24, ndio maana sinema ni 24.

KijanaWaMaseno
Mzee wangu kwa heshima, hapo hapana. 24 ya sinema ilitulia wakati filamu zilianza kuwa na sauti, miaka ya 1920 ikielekea mwisho, na ilikuwa ni mambo ya sauti na gharama ya filamu, si kipimo cha jicho. Halafu kamera ikipiga mtu anakimbia kila picha inatoka na ukungu wa ule mwendo, akili inaziunga. Fremu ya gemu kwa kawaida ni kavu, kila moja imesimama. Na sinema huishikii usukani, wewe umekaa tu unatafuna njugu. Kwa gemu mkono wako ndio unasema fremu imechelewa, kabla hata ya jicho.

Mzee_Webuye
Mimi kwa kompyuta hucheza drafti peke yake.

KijanaWaMaseno
Basi mzee hata tano zinakutosha 😂

BodabodaYaBusia
Yangu ni aibu lakini nitasema. Nusu mwaka nilikuwa najua nina shida ya intaneti. Gemu inagandaganda, nanunua bandeli kubwa, inaganda, nahamia laini ingine, inaganda, nikaanza kucheza nimesimama mlangoni nimeshika simu juu kama mtu anatafuta mtandao wa Uganda. Jamaa mmoja akaniuliza, hiyo inaganda hata ukicheza peke yako bila mtandao? Sikuwa nimewahi jaribu. Nikajaribu, inaganda. Pingi, yaani kuchelewa kwa mtandao, ilikuwa sawa, shida ilikuwa ni fremu. Ram yangu ilikuwa kijiti kimoja cha 4GB, na hizi grafiksi za ndani hazina ram yao, zinakopa hiyo hiyo yako. Nikaongeza kijiti kingine kinachofanana ndio zifanye kazi mbili mbili, nikatoka FPS 25 nikaenda 38 bila kugusa setingi yoyote. Halafu ndio nikafungia 30 na sasa haigandi. Pesa ya bandeli niliyochoma ingenunua ram tatu.

Mkaazi58 (Nakuru)
@BodabodaYaBusia hapo kwa mtandao wa Uganda nimecheka peke yangu kwa ofisi. Lakini umesema kitu, mtu asifungie fremu kabla ajue nini inamvuta nyuma. Kufungia ni kutuliza maji, si kuongeza maji.

DadaWaKondele
Mimi nakuja kuwapinga kidogo. Nacheza Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi, na huko nimefungua zote, fps_max 0, na V-Sync, ile setingi ya kufanya fremu zingoje skrini, nimeizima. Skrini yangu ni 60Hz kama yenu na mashine inatoa kama 180. Najua mtasema hizo zingine zinamwagika, skrini haiwezi kuzionyesha, na ni kweli picha inapasuka katikati, nusu ya juu ya zamani nusu ya chini mpya. Lakini ile inayoonyeshwa ni ya juzi juzi zaidi. Fremu za 180 kila moja ina milisekunde tano na nusu, kwa hivyo mtu akitokea mlangoni ninachokiona ni cha sasa. Nikiweka V-Sync, fremu inatengenezwa halafu inapangishwa foleni ingoje skrini, na mausi inakuwa kama imepakwa uji. Niliwahi kuiweka kwa wiki juu ya mapasuko yalikuwa yananiudhi, nikawa napigwa na watoto wa shule.

Gemu za hadithi, zile za kutembea pole pole na kuangalia milima, hapo naweka V-Sync na sina haraka. Kwa GTA V kuna hata V-Sync ya nusu, inakupa 30 safi kwa skrini ya 60, na ndio natumia scripti zangu za kuongeza magari zikizidi. Kwa hivyo msiniulize ngapi, niulize gemu gani.

JaManyatta (Kisumu)
Dada wewe uko Kondele, joto unalipeleka wapi?

DadaWaKondele
Desktopu omera. Nimetoa ubao wa kando, feni ya kawaida ya nyumba inaangalia ndani. Paka ndio hupenda kulala hapo.

FundiNjoro
Kuna gemu ambazo ukizifungulia fremu zinaharibika zenyewe, watu hawajui. Mteja aliniletea kompyuta akasema imerogwa. Skyrim ile ya 2011, mwanzo pale mnapelekwa na mkokoteni mkiwa mmefungwa, mkokoteni wake unaruka, unabiringika, farasi anaenda mbinguni. Alikuwa amezima V-Sync ndio apate fremu nyingi. Hiyo gemu hesabu ya vitu kuanguka na kugongana imefungwa na fremu, ukipita 60 mambo yanakuwa ya ajabu. Nikarudisha 60, farasi akashuka chini. Nilimtoza mia mbili, nikaona aibu kidogo lakini nikachukua. Need for Speed Rivals ya 2013 nayo ilitoka imefungiwa 30, watu wakailazimisha 60 na magari yakawa yanakimbia mara mbili ya mwendo. Kwa hivyo kwa gemu za zamani kwanza uliza, usifungue tu.

MwalimuLurambi (Kakamega)
Mulembe. Mimi si mchezaji, ni mama ya mchezaji, lakini nimesoma zote mpaka hapa na sasa nimekasirika. Mwaka jana kijana wangu alipata alama nzuri nikamnunulia monita ya 144Hz, aliniambia hiyo ndio inatakikana, na bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ingine. Sasa leo nimefungua setingi za Windows vile mnaongea, pale kwa skrini, imeandikwa 60Hz. Mwaka mzima?

FundiNjoro
Mwalimu pole, na hiyo ni kawaida sana. Mara nyingi Windows huiwasha kwa 60 mpaka uichagulie. Ingia setingi, mambo ya skrini, skrini za hali ya juu, utaona orodha ya Hz, chagua 144. Kama 144 haimo angalia kebo, zile HDMI za zamani hazifiki, tumia DisplayPort. Na ichomekwe kwa kadi ya grafiksi, si kwa ubao mkuu.

MwalimuLurambi (Kakamega)
Ilikuwamo kwa orodha. Nimebofya mara moja. Kijana amerudi akashika mausi akaizungusha akaniuliza, mama umenunua kompyuta ingine? Nikamwambia la, nimesoma.

Mkaazi58 (Nakuru)
Mwalimu wewe umetushinda wote 😂 sasa lete ripoti akicheza.

MwalimuLurambi (Kakamega)
Ripoti baada ya wiki tatu. Wiki ya kwanza nyumba nzima ilisikia habari ya 144. Lakini mnajua Kakamega, mvua ya saa tisa na radi, stima inapotea kila mara, na tuko na UPS ndogo ya kumpa nafasi aseivu na azime. Zamani ilikuwa inamshikilia dakika kama tisa. Sasa na hizo fremu zote kadi inakula stima nyingi, dakika nne inapiga kelele inakufa, akapoteza hadi kazi ya shule iliyokuwa wazi upande ule mwingine. Na tokeni nazo zinashuka, hiyo siwezi kuwaapia ni kompyuta peke yake, kuna pasi pia.

Nikamuuliza mwalimu mwenzangu wa kompyuta. Akanionyesha kwa setingi za Nvidia ile ya JaManyatta, nikaweka 72, juu nilikumbuka hesabu ya Nakuru, 144 ukigawanya kwa mbili. UPS imerudi dakika nane. Feni imenyamaza, sasa nasikia redio.

DadaWaKondele
Mwalimu na yeye amesema nini? 144 kwenda 72 mchezaji anaweza kujua.

MwalimuLurambi (Kakamega)
Monita bado inasoma 144Hz, na namba ya kona alikuwa ameizima mwenyewe ati inamsumbua. Ni siku kumi na mbili sasa. Jana alikuwa anamwambia rafiki yake kwa simu vile hawezi tena kurudi chini ya 144, macho yake yameshazoea.

Msimwambie.